Ufalme na Udikteta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa skuli za sekondari, walimu wao na watu wa barazani hapa Unguja na Pemba huyauliza kila inapokaribia tarehe 12 Januari, wakati mazungumzo ya usultani na Mapinduzi yanaporudi upya. Majibu yanahusu mifumo ya utawala kwa jumla, lakini mifano mingi ni ya hapa nyumbani, kwani visiwa hivi vimepitia karibu kila aina ya utawala inayotajwa hapa chini.

Kwa maneno machache, ufalme na udikteta vinatofautiana wapi?

Tukisema nchi ni ya kifalme tunaeleza namna mtawala wake anavyopatikana, na tukisema ni ya kidikteta tunaeleza namna anavyotawala. Mfalme, malkia au sultani hukalia kiti kwa kanuni ya ukoo iliyokuwepo kabla yake na ambayo watu wanaitambua, hata kama hakuna aliyempigia kura. Dikteta ni mtu anayetawala bila ya kuwepo bunge, mahakama, baraza la ukoo wala uchaguzi wa kweli wenye uwezo wa kumzuia au kumwondoa kwa njia ya sheria, na haijalishi alikipataje kiti hicho.

Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa mfalme na dikteta kwa wakati mmoja, anaweza kuwa kimoja tu kati ya hivyo, na anaweza asiwe chochote kati yao. Charles III wa Uingereza ni mfalme, na hawezi kutunga sheria hata moja kwa rai yake mwenyewe. Idi Amin, aliyeitwaa Uganda kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971, alikuwa dikteta na hakuwa na nasaba yoyote ya kutawala. Sultan Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 mpaka 2020, alikuwa sultani wa ukoo ambaye ndani ya nchi yake hapakuwa na chombo cha kumwambia hapana.

Lakini si kawaida mfalme kuwa mtu wa kheri na dikteta kuwa mtu wa shari?

La. Wema na ukatili ni tabia za watu, na tabia hizo zimeonekana chini ya kila mfumo. Seyyid Said bin Sultan, ambaye wazee wengi humsifu kwa kuijaza Unguja na Pemba mikarafuu, alianza utawala wake huko Oman mwaka 1806 kwa kumuua jamaa yake Badr bin Seif, na hakuna aliyesema kwamba kwa kitendo hicho si mtawala wa ukoo wa Busaidi. Kwa upande wa pili, serikali zisizochaguliwa zimewahi kujenga skuli, nyumba na barabara ambazo serikali zilizochaguliwa hazikuzijenga.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Leopold II wa Ubelgiji. Nyumbani kwake alikuwa mfalme aliyefungwa na katiba ya 1831, akitawala kupitia mawaziri wanaowajibika kwa bunge. Katika Kongo, kuanzia 1885 mpaka 1908, mtu huyo huyo alikuwa mwenye nchi peke yake, bila ya bunge wala mahakama ya kumzuia, na watu wa huko walikatwa mikono na kufa kwa wingi kwa ajili ya utomvu wa mpira na pembe za ndovu. Mzanzibari mmoja, Hamed bin Muhammed aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliufanyia kazi utawala huo kama liwali wa Stanley Falls kuanzia 1887, kabla ya kurudi kuishi na kufia Mji Mkongwe. Leopold alikuwa na roho ile ile Brussels na Kongo, ila Brussels palikuwa na watu wenye haki ya kisheria ya kumkatalia.

Usultani wa Zanzibar ulikuwa wa aina gani?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na halina jibu moja, kwa sababu kuanzia Seyyid Said mpaka Jamshid, sultani wa mwisho, jina la cheo lilibaki lile lile huku utawala wenyewe ukibadilika sura mara tatu.

Katika sura ya kwanza, tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 mpaka 1890, sultani hakuwa na katiba ya kumfunga. Alihukumu mwenyewe barazani, aliteua maliwali wa mwambao, na aliamua vita na amani. Hata hivyo anayedhani kwamba alifanya kila alichotaka hajaangalia hesabu zake. Mapato ya forodha yalikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, maarufu wao akiwa Jairam Shivji, na sultani aliyekuwa na deni kwao hakuweza kuwapuuza. Makabila ya Kiarabu yenye mashamba makubwa yalikuwa na watumwa wao wenye silaha. Huko Dunga alikuwepo Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji, ambaye Wahadimu, wenyeji wa Unguja, walimtii kwa desturi zao na ambaye sultani aliwatoza kodi kwa kupitia mkono wake. Juu ya hayo, manowari za Kiingereza zilikuwa zikitia nanga bandarini: tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa akijua kwamba akikataa bandari zake zitazingirwa. Mipaka ya madaraka yake haikuandikwa popote, lakini ilikuwepo, ya fedha na ya mizinga.

Sura ya pili ilianza 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata serikali ilipangwa upya, Waingereza wakashika hazina na idara, na sultani akawekewa posho. Kilichobaki cha mamlaka yake kilipimwa Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 mwezi huo, Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza sultani, naye alikuwa mtoto wa sultani, mwenye nasaba isiyo na shaka na wafuasi wengi mjini. Tarehe 27, saa tatu za asubuhi, manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa kiasi cha dakika 40, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na siku hiyo hiyo Hamoud bin Muhammed akakalishwa kitini. Tangu hapo nasaba ilimfanya mtu afae kuteuliwa, lakini mteuzi alikuwa mwingine. Wapo wanaouita utawala wa miaka hiyo ufalme wa kikatiba, na kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu wanakosea, kwa kuwa aliyempunguzia sultani madaraka hakuwa raia wake wala bunge lao. Alikuwa dola ya kigeni. Sultani Khalifa bin Harub alikaa kitini kuanzia 1911 mpaka 1960, akapendwa na wengi, na katika miaka hiyo yote maamuzi makubwa yalipita mezani kwa ofisa wa Kiingereza. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa 1926 kwa wajumbe wa kuteuliwa, na Wazanzibari wa kawaida hawakuchagua mjumbe yeyote mpaka 1957.

Sura ya tatu ilidumu mwezi mmoja na siku mbili. Kuanzia uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar ilikuwa ufalme wa kikatiba kwa maana yake kamili: Jamshid bin Abdullah alikuwa mkuu wa nchi, na serikali ilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu Mohammed Shamte, aliyeongoza muungano wa vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party). Uchaguzi wa Julai 1963 uliokipa muungano huo viti 18 kati ya 31 ulikuwa na kasoro iliyoonekana na kila mtu, maana chama cha upinzani cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata asilimia 54 ya kura kikaishia na viti 13. Kwa hiyo anayesema kwamba Mapinduzi yalimwondoa sultani aliyekuwa akiamua kila kitu anasahau serikali ya mawaziri, na anayesema kwamba sultani alikuwa pambo tu anasahau kwamba kwa watu wengi wa Ng'ambo na mashamba kiti kile kilikuwa alama ya mpango mzima wa ardhi, elimu na heshima ambao wao walikuwa chini yake.

Kabla ya masultani wa Kiarabu, visiwa hivi havikuwa na wafalme?

Vilikuwa nao. Unguja ilikuwa na watawala wa ukoo, miongoni mwao Malkia Fatuma wa karne ya 17, na mstari huo ndio ulioendelea kwa Mamwinyi Mkuu wa Dunga mpaka ulipokatika mwaka 1873 kwa kifo cha Ahmed, mtoto wa Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed. Tumbatu ilikuwa na watawala wake, na Pemba ilikuwa na madiwani. Magofu ya Pujini, yanayonasibishwa na Mkama Ndume, yangalipo karibu na Chake Chake. Mkama Ndume amebaki katika masimulizi ya Pemba kwa ukali wake wa kuwatumikisha watu, na hilo linaonesha kwamba hata wazee wetu walitofautisha mfalme na mfalme dhalimu bila ya kusoma elimu ya siasa.

Je, wafalme wote wa leo wana madaraka sawa?

Hapana, na tofauti baina ya mfalme na mfalme inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti baina ya mfalme na rais. Katiba ya Japani ya 1947 inamtaja mfalme wa nchi hiyo kuwa alama ya taifa asiye na mamlaka ya serikali. Mfalme wa Lesotho naye hatawali. Mwaka 1990 watawala wa kijeshi walimwondoa Moshoeshoe II na kumweka mwanawe, jambo linalopaswa kumtia mashaka mtu yeyote anayedhani kwamba wafalme siku zote huwa upande wa wenye nguvu. Morocco iko katikati: kuna bunge na vyama, na katiba ya 2011 inamtaka mfalme amteue waziri mkuu kutoka chama kinachoongoza katika uchaguzi, lakini jeshi na mambo ya dini vimebaki mikononi mwake. Eswatini iko mwisho wa upande wa pili. Sobhuza II aliisimamisha katiba mwaka 1973 na kuvipiga marufuku vyama, na ingawa katiba mpya ilipatikana 2005 chini ya mwanawe Mswati III, wagombea wanasimama mmoja mmoja bila ya vyama. Saudi Arabia ina Sheria ya Msingi ya 1992, ambayo inasema wazi kwamba utawala ni wa watoto na wajukuu wa Mfalme Abdulaziz, mwasisi wa dola hiyo.

Katika ufalme ni lazima mtoto mkubwa arithi?

Si lazima, na historia ya Zanzibar ni ushahidi wa kutosha. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, dola yake iligombaniwa na watoto wake: Thuwaini alibaki Muscat, Majid akashika Unguja, na Barghash akajaribu kumpindua Majid mwaka 1859 akaishia kupelekwa Bombay. Ugomvi wa Muscat na Unguja ulimalizwa 1861 kwa uamuzi wa Lord Canning, gavana mkuu wa Kiingereza wa India, aliyezitenganisha dola mbili na kuitaka Zanzibar iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Baada ya hapo kiti hakikushuka kwa mtoto. Kilizunguka baina ya ndugu: Majid, Barghash, Khalifa na Ali wote walikuwa watoto wa Seyyid Said. Ufalme ambao kanuni yake ya urithi si ya wazi hupigana ndani ya nyumba kila mtawala anapokufa.

Ndugu zao wa Oman waliutafutia ufumbuzi tatizo hilo hivi karibuni tu. Sultan Qaboos hakuwa na mtoto, naye aliacha barua iliyofungwa yenye jina la mtu anayemtaka, ili ifunguliwe iwapo ukoo utashindwa kukubaliana ndani ya siku tatu. Alipofariki Januari 2020 ukoo uliamua kuifungua barua moja kwa moja, na Haitham bin Tariq akatawazwa. Mwaka uliofuata akaweka sheria ya kuwa na mrithi anayejulikana mapema.

Kuna falme ambazo hata hazirithishwi moja kwa moja. Malaysia ina watawala tisa wa majimbo, nao humchagua mmoja wao kuwa mfalme wa nchi kwa miaka mitano. Vatikani ni ufalme wa mamlaka kamili ambao mkuu wake huchaguliwa na makadinali.

Uimamu wa Kiibadhi uko wapi katika mgawanyo huu?

Hauko katika ufalme wala katika udikteta, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vya skuli huupita kimya ilhali umegusa historia yetu. Kwa mafundisho ya Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yaliyoenea Oman, imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wakubwa wa jamii kwa elimu na uadilifu wake, bila ya kuangalia ukoo, na akidhulumu anaweza kuondolewa. Ahmad bin Said, mwasisi wa ukoo wa Busaidi katika karne ya 18, alichaguliwa kuwa imamu. Kizazi chake kiliushika utawala kwa urithi, na baada ya mwanawe Said bin Ahmad cheo cha uimamu kikaachwa. Seyyid Said aliyekuja Unguja alitawala kama seyyid. Kilichoachwa pamoja na jina ni lile sharti la kuchaguliwa na lile la kuweza kuondolewa.

Dikteta hupataje madaraka?

Njia ni nyingi, na ya bunduki ni moja tu kati yao. Roma ya kale ilikuwa na cheo halali cha dikteta, aliyeteuliwa wakati wa hatari kwa muda usiozidi miezi sita na kisha kurudi nyumbani kwake. Cheo hicho kiliharibika pale Julius Caesar alipofanywa dikteta wa maisha mwaka 44 kabla ya Kristo. Adolf Hitler aliteuliwa kuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani kwa utaratibu wa katiba tarehe 30 Januari 1933, na ilipofika tarehe 23 Machi bunge lenyewe lilipitisha sheria ya kumruhusu kutunga sheria bila yao. Hastings Banda aliiongoza Malawi kuupata uhuru, akapendwa, na mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha. Walioupata uongozi kwa njia halali na kisha wakaufunga mlango nyuma yao ni wagumu kutambulika mapema kuliko wanajeshi wanaotangaza mapinduzi redioni.

Dikteta akimwachia mwanawe kiti, si amekuwa mfalme?

Kwa matokeo anafanana naye, lakini kuna jambo moja ambalo hulikosa. Mfalme hana haja ya kuficha kwamba anarithi, anatangaza. Dikteta anayemrithisha mwanawe hulazimika kuupaka urithi huo rangi ya jamhuri, kwa kuwa haki anayoidai ni ya wananchi, chama au mapinduzi. Hafez al-Assad wa Syria alipofariki mwaka 2000, mwanawe Bashar alikuwa na umri wa miaka 34 wakati katiba ilimtaka rais awe na 40, basi bunge likakutana siku hiyo hiyo na kuushusha umri hadi 34. Togo mwaka 2005 jeshi lilimweka Faure Gnassingbé siku ile ile alipofariki baba yake Eyadéma, aliyekuwa ametawala tangu 1967, na baadaye uchaguzi ukafanywa. Korea ya Kaskazini imeshapita kwa babu, baba na mjukuu huku ikiendelea kujiita jamhuri.

Jean-Bédel Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliona haya yote ni mzunguko usio na maana, akajitawaza kuwa mfalme mkuu tarehe 4 Disemba 1977 kwa sherehe ya gharama ya kutisha kwa nchi maskini kama ile. Alipinduliwa Septemba 1979. Taji lilikuwa la kweli na dhahabu yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kukubaliana na mwingine kwamba ukoo wa Bokassa una haki ya kutawala, na makubaliano hayo ndiyo yanayomfanya mtu awe mfalme.

Zanzibar imekuwa na marais ambao ni watoto wa marais. Huo si ufalme?

Amani Abeid Karume, rais kuanzia 2000 mpaka 2010, ni mtoto wa Mzee Abeid Amani Karume, na Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliyeingia madarakani 2020, ni mtoto wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Kwa maana ya kisheria huo si ufalme, kwa sababu hakuna sheria inayowapa haki kwa kuzaliwa kwao: walipitia uteuzi wa chama, wakasimama katika uchaguzi wenye wapinzani, na muda wao una kikomo cha vipindi viwili vya miaka mitano. Kwamba jina la baba humfungulia mtu milango ambayo mtoto wa mvuvi wa Nungwi au mkulima wa karafuu wa Konde hufungiwa, hilo ni kweli, na ni kweli pia Kenya na Marekani. Linastahili mjadala wake, ila mjadala huo ni wa usawa wa nafasi ndani ya jamhuri.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilikuwa na utawala wa aina gani?

Ilikuwa jamhuri, na kwa miaka 16 ilikuwa jamhuri isiyo na uchaguzi wa viongozi wake. Baraza la Mapinduzi lilishika kwa pamoja kazi ya kutunga sheria na ya kuendesha serikali, vyama vyote isipokuwa ASP vilizuiwa, na sheria zilitoka kwa njia ya amri. Katika kipindi hicho hicho serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi wasio na mashamba eka tatu tatu, ikatangaza elimu bure mwaka huo huo wa 1964, na ikaanza kujenga majumba ya Michenzani. Mzee Karume alipouawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, Baraza la Mapinduzi ndilo lililomchagua Aboud Jumbe kushika nafasi yake. Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilipatikana 1979, Baraza la Wawakilishi likaanza 1980, na mwaka huo wananchi wakapiga kura ya rais kwa mara ya kwanza, ingawa mgombea alikuwa mmoja. Vyama vingi vilirudi 1992.

Wapo wanaoukataa kabisa msamiati wa udikteta kwa miaka ile kwa kuwa utawala ulikuwa wa baraza na uliwanufaisha waliokuwa wamenyimwa, na wapo wanaoushikilia kwa sababu ya watu waliofungwa na kupotea. Kwa kipimo kilichotumika tangu mwanzo wa ukurasa huu, jibu halitegemei nani alinufaika wala nani aliumia. Linategemea kama palikuwepo chombo nje ya watawala chenye uwezo wa kisheria wa kuwazuia au kuwaondoa, na kati ya 1964 na 1980 chombo hicho hakikuwepo. Eka tatu na skuli za bure hazilibadilishi hilo, kama ambavyo hilo haliwezi kuzifuta eka tatu na skuli za bure.

Inawezekana nchi moja kuwa na mfalme na dikteta pamoja?

Inawezekana. Italia ilikuwa na Mfalme Victor Emmanuel III na Benito Mussolini kwa zaidi ya miaka ishirini. Mfalme ndiye aliyemwita Mussolini kuunda serikali mwaka 1922, na mfalme huyo huyo, vita vilipokuwa vinashindwa, ndiye aliyemwondoa tarehe 25 Julai 1943 baada ya wakubwa wa chama kumgeuka. Waitalia hawakusahau ile miaka ya katikati, na tarehe 2 Juni 1946 wakapiga kura ya kuuondoa ufalme. Hispania iligeuka kinyume chake. Jenerali Franco alitangaza mwaka 1947 kwamba nchi ni ufalme, akaitawala mwenyewe bila ya mfalme mpaka alipofariki 1975, na Juan Carlos aliyemtayarisha kuendeleza mfumo wake akasaidia kuuvunja: katiba ya kidemokrasia ilipitishwa 1978, na askari walipoliteka bunge Februari 1981, mfalme alitoka kwenye televisheni kuwapinga.

Kukiwa na uchaguzi, basi hakuna udikteta?

Uchaguzi peke yake hautoshi. La kuuliza ni kama aliyeko madarakani anaweza kushindwa, na akishindwa ataondoka.

Nani huondoka kwa urahisi zaidi, mfalme au dikteta?

Mfalme aliyekubali kupunguziwa madaraka hudumu kuliko wote, na ndiyo sababu falme nyingi zilizobaki duniani ni za aina hiyo. Mfalme anayeng'ang'ania kila kitu huanguka kama dikteta anavyoanguka, na mara nyingi anayempokea si wananchi: Haile Selassie wa Ethiopia aliondolewa 1974 na kikundi cha wanajeshi, na Mengistu aliyeibuka katika kikundi hicho akatawala kwa umwagaji damu mpaka 1991. Mfalme Idris wa Libya aliondolewa 1969 na Gaddafi, ambaye alikaa kwa zaidi ya miaka 40, muda mrefu kuliko uhai wa ufalme aliouangusha. Dikteta ana hatari yake ya pekee: kwa kuwa hakuna kanuni inayosema nani atamfuata, kila aliye karibu naye ni mrithi anayewezekana, naye analijua hilo, na hofu yake kwa walio karibu naye ndiyo inayozalisha ukatili mwingi tunaousoma katika historia.

Ufalme ulioondolewa unaweza kurudi?

Umewahi kurudi. Uingereza ilimuua Mfalme Charles I mwaka 1649, ikatawaliwa na Oliver Cromwell, ambaye mwanawe alimrithi na kushindwa, na mwaka 1660 ikamrudisha mtoto wa mfalme aliyeuawa. Kambodia ilimrudishia Sihanouk taji mwaka 1993. Mwaka huo huo Uganda ilimrejesha Kabaka wa Buganda, miaka 27 baada ya jeshi la serikali ya Obote kuvamia kasri la baba yake, ila alirejeshwa kwa mambo ya mila bila ya madaraka ya siasa.

Kwa Zanzibar, katiba ya 1984 haina nafasi yoyote ya sultani: mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ni rais anayechaguliwa, na marekebisho ya 2010 yameongeza Makamu wa Kwanza wa Rais katika mfumo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Jamshid bin Abdullah aliishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kwenda kuishi Oman mwaka 2020, na akafariki huko Disemba 2024. Kasri lake la Forodhani lilibadilishwa jina baada ya Mapinduzi likaitwa Jumba la Wananchi, likatumika kwa shughuli za serikali, na kisha likafanywa makumbusho.